Nyama ya Kuchagua Mwenyewe: Mwongozo wa Kutambua Uchomaji Bora Maganzo

Miongoni mwa namna za kula nje ya nyumbani, ipo ile ambayo mlaji hukichagua kitoweo kikiwa kibichi, akapimiwa, kisha akamkabidhi mpishi akipike mbele ya macho yake. Mjini Taipei, nchini Taiwan, namna hiyo ilipata sura maalumu mwaka 1951, pale msanii wa vichekesho Wu Zhaonan, aliyehamia huko kutoka Beijing, alipofungua banda la chakula ambamo mlaji hujaza bakuli kwa nyama iliyokatwa nyembamba, mboga na michuzi aipendayo, na mpishi akavikaanga kwa muda mfupi juu ya bamba pana la chuma lenye moto mkali. Mlo huo ulipewa jina la Mongolia, ingawa asili yake haiko huko, kwa sababu kulitaja jina la Beijing katika Taiwan ya wakati ule kulikuwa na utata wa kisiasa. Afrika Mashariki nayo ina namna yake ya kuchagua, yaani nyama choma ya kupimiwa, inayoliwa Kikopey kando ya barabara ya Nakuru nchini Kenya, Arusha, na katika miji ya Kanda ya Ziwa kama Maganzo, mji wa Wilaya ya Kishapu ulio kwenye barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui.

Tofauti kati ya namna hizo mbili ndiyo msingi wa mwongozo huu. Nyama nyembamba iliyochanganywa na michuzi juu ya chuma cha moto huficha kasoro nyingi, kwa kuwa wembamba wenyewe hulainisha na mchuzi hufunika ladha isiyopendeza. Nyama choma, kwa upande wake, huwekwa motoni ikiwa pande kubwa lenye chumvi tu, hivyo umri wa mnyama, malisho yake, safari yake ya mwisho na uvumilivu wa mchomaji vyote hujidhihirisha mdomoni. Kwa hiyo mlaji anayesimama mbele ya bucha si mteja anayesubiri kuhudumiwa bali ni mshiriki wa kwanza wa ufundi wenyewe, na sehemu kubwa ya ubora huwa imekwisha kuamuliwa kabla mkaa haujawashwa.

Ng'ombe wa Usukumani ni wa asili ya zebu wenye pembe fupi, mnyama mwenye nundu, anayekua polepole, anayestahimili ukame na kutembea umbali mrefu kutafuta maji. Sifa hizo humpa nyama yenye mnofu uliokaza, mafuta machache ndani ya misuli na ladha nzito ambayo ng'ombe wa kunenepeshwa kwa nafaka hana. Nyama hiyo si duni, ila haimsamehe mtu anayeichagua bila kuijua. Swali la kwanza ni umri. Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, na dume changa hutoa nyama inayofaa moto wa mkaa, wakati maksai, yaani dume lililohasiwa na kutumikishwa kwenye jembe la kukokotwa kwa miaka mingi, ana tishu unganishi ngumu ambazo huhitaji maji na saa kadhaa ili zilainike, kwa hiyo mahali pake ni kwenye sufuria ya supu. Mafuta husaidia kutambua: kwa ng'ombe, mafuta ya rangi ya njano iliyokolea mara nyingi huashiria mnyama mzima aliyelishwa majani kwa muda mrefu, kwa sababu rangi ya majani hujikusanya ndani yake kadiri miaka inavyopita, ilhali mafuta meupe yenye kuelekea krimu huashiria mnyama mdogo. Kipimo hicho hakifanyi kazi kwa mbuzi, ambaye mafuta yake huwa meupe katika umri wowote.

Swali la pili ni msimu, nalo husahaulika mno. Mvua za Shinyanga huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Mei, hivyo ng'ombe anayechinjwa Mei au Juni amekula majani mabichi kwa miezi kadhaa na ana mafuta mgongoni, wakati yule wa Septemba au Oktoba ametembea sana na kula kidogo. Mwenye kujua hubadilisha chaguo lake kulingana na kalenda: baada ya mvua huchukua mbavu na kiuno cha ng'ombe, na kiangazi kinapokolea huhamia kwa mbuzi, mnyama anayekula vichaka na kwa hiyo hakondi upesi. Wapo hata hivyo wafugaji ambao mifugo yao huingia kiangazi ikiwa bado na mwili, nao ni wale wenye ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yasimame na kukauka yakiwa akiba. Utaratibu huo wa Wasukuma ulikuwa umedhoofika sana kadiri miti ilivyokatwa na mashamba ya pamba yalivyopanuka, ukahuishwa na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986. Muuza nyama anayeweza kueleza ng'ombe wake alinunuliwa mnada gani na alikuwa akichungwa wapi anastahili kusikilizwa, maana jibu lake lina uzito kuliko sifa zote zilizoandikwa ukutani.

Kwenye bucha lenyewe uchunguzi huanza na mhuri wa mkaguzi wa nyama, alama ya wino inayoonyesha kwamba mnyama alikaguliwa baada ya kuchinjwa, na pasipo mhuri hakuna haja ya kuendelea. Baada ya hapo mlaji hulitazama pande kwa utulivu, akiomba ligeuzwe pande zote kwenye mwanga wa mchana, kama mnunuzi wa almasi anavyoligeuza jiwe kabla ya kutaja bei. Nyama nzuri ni nyekundu iliyochangamka, uso wake una unyevu bila kuteleza, na ikibonyezwa kwa kidole hurudi mahali pake. Nyama nyeusi-nyekundu, kavu na yenye kunata ina habari mbaya, kwa kuwa mnyama aliyeswagwa mbali, akapigwa na kuchinjwa akiwa amechoka huwa ameimaliza sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake, na misuli isiyo na sukari hiyo haipati uchachu wa kawaida baada ya kifo; nyama ya namna hiyo huharibika upesi na ladha yake hupooza. Vifuko vidogo vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele ndani ya mnofu ni viluwiluwi vya tegu, na pande lenye vifuko hivyo hukataliwa pale pale.

Katika jambo moja mwongozo huu hautakubaliana na walaji wengi, ambao husifu nyama ya leo na kuidharau iliyolala. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na ng'ombe aliyechinjwa alfajiri huwa katika ukakamavu huo hasa wakati wa chakula cha mchana, hivyo mlaji anayejivunia upya wa nyama yake hutafuna kitu kilicho kigumu kuliko kingekuwa kesho yake. Ukakamavu hulegea polepole, na kwa zebu, ambaye nyama yake huchelewa kulainika, usiku mmoja au miwili ya kuning'inia kwenye friji yenye baridi ya kutosha huleta tofauti ambayo papai bichi haliwezi kuiiga. Sharti ni baridi. Nyama iliyolala kwenye joto, ikifunikwa kwa gunia na kupuliziwa maji asubuhi ili ing'ae, ni hatari, na pua humwambia mlaji kabla ya macho.

Kuhusu sehemu za mwili, bei hupotosha. Steki, yaani mnofu mtupu usio na mfupa, huuzwa ghali kuliko mchanganyiko, lakini juu ya mkaa mnofu wa paja hukauka kabla haujaiva vizuri. Mbavu ndizo zinazomfaa mchomaji, kwa sababu mfupa huusambaza moto taratibu na utando wa mafuta huulinda mnofu. Nundu, kilele cha mafuta na nyuzi laini kilicho juu ya mabega, ndiyo fahari ya ng'ombe huyu na haina mfano wake kwa ng'ombe wa Ulaya, ingawa mbuchaji huwa na nundu moja tu kwa kila mnyama, kwa hiyo mlaji anayefika saa nane mchana na kuikuta bado ipo ana sababu ya kuuliza kwa nini. Kwa mbuzi, chaguo ni mguu wa mbele pamoja na mbavu zake, kutoka kwa jike changa au dume lililohasiwa, kwani beberu lina harufu ambayo moto huiongeza badala ya kuiondoa. Mizani huangaliwa ikiwa tupu kabla ya nyama kuwekwa, nayo hupima nyama mbichi, ambayo motoni hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake; wenye hesabu hiyo huagiza kwa kadiri ya kitakachobaki.

Moto wa kuchomea ni makaa yaliyokwisha kuwaka na kufunikwa na jivu jembamba la kijivu, si ndimi. Mkaa wa mti mgumu hulia ukigonganishwa, hukaa muda mrefu na hautoi moshi mwingi, na mkaa mwepesi hutoa cheche, huisha mapema na humlazimisha mchomaji kuongeza mwingine katikati ya kazi. Jiko lililowashwa kwa mafuta ya taa au mfuko wa plastiki hutia nyama ladha isiyotoka, na mlaji aliyeona hivyo anaweza kuondoka bila kuomba radhi. Ngozi ya nje yenye rangi ya hudhurungi, ambayo ndiyo chanzo cha harufu inayomvuta dereva kutoka barabarani, hutokana na mmenyuko wa protini na sukari katika joto kali, uliochunguzwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912; mmenyuko huo hauanzi vizuri wakati uso wa nyama umelowa, na ndiyo maana mchomaji hodari huliacha pande likauke kidogo juu ya wavu kabla ya kulinyunyizia maji ya chumvi.

Mchomaji hupimwa kwa anavyoigusa nyama mara chache. Huianzisha mbali na kitovu cha moto ili joto liingie ndani, na huileta karibu mwishoni kwa ajili ya rangi. Mafuta yanapodondoka na kuwasha ndimi, huisogeza pembeni badala ya kuimwagia maji, kwa kuwa maji hurusha jivu juu ya nyama. Haichanji katikati kutazama kama imeiva, bali huibonyeza kwa koleo na kutazama maji yanayotoka: yakiwa mekundu bado, yakiwa maangavu imeiva. Wapo wanaosifu nyama isiyoiva sawasawa kwa mtindo wa hoteli za mijini, lakini mahali ambapo tegu yupo, kuiva hadi ndani ni sehemu ya ubora. Pande la kilo moja la mbavu huhitaji karibu saa nzima, na nyama inayoletwa mezani baada ya dakika 20 ama ilikatwa vipande vidogo bila idhini ya mwenyewe, ama ilikuwa ya mtu mwingine. Jiko lenye mapande ya wateja wengi linahitaji utaratibu wa kuyatofautisha, iwe kwa njiti iliyochomekwa au kwa pembe ya wavu iliyotengwa kwa kila meza, na mchomaji asiyeweza kumwonyesha mteja pande lake mara moja haaminiki.

Nyama ikitoka motoni hupumzishwa dakika kadhaa, kisha hukatwa juu ya ubao mkavu kwa kisu kinachokingama nyuzi za mnofu, kwa sababu nyuzi fupi hutafunika na nyuzi ndefu hubaki katikati ya meno. Chumvi huwekwa pembeni ya ubao pamoja na pilipili na ndimu, si juu ya nyama. Kachumbari, yaani mchanganyiko mbichi wa nyanya, kitunguu na pilipili, hukatwa wakati nyama inapumzika, kwa maana ikikatwa mapema hutoa maji na kuwa chachu. Ugali wa dona au wa mtama hubeba mafuta ya nyama hii vizuri kuliko chipsi, ambazo zina mafuta yake tayari. Mafuta ya mbuzi huganda upesi yakipoa, hata kwenye joto la Shinyanga, na kufunika kinywa, kwa hiyo meza yenye watu wawili hufanya vyema kuagiza nusu kilo, na kumwambia mchomaji mapema aiweke nusu nyingine motoni pale ya kwanza inapofika ubaoni.