Namna ya Kumpima Mpiga Litungu

Ukialikwa harusini pande za Kiriba, Musoma Vijijini, na mwenyeji akakuambia ameita mpiga litungu kutoka Tarime, usikimbilie kumsifu kwa sauti. Sauti nzuri wanazo wengi. Mpime kwa kile ambacho hakuja nacho kutoka nyumbani: maneno na milio anayoibuni palepale, mbele ya watu ambao wengine hajawahi kuwaona.

Anza na mikono. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Nyuzi za zamani zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni kama ya wavuvi. Mikono yote miwili huzungusha kipande kifupi, tena na tena, kwa mvumo mzito. Kisikilize kabla wimbo haujaanza. Kikiyumba mara mpigaji anapofungua kinywa, ujue akili yake bado iko vidoleni, na atakayoimba yatakuwa ya kukariri.

Kisha fuata majina. Watu hutuza, naye hutaja. Mpigaji dhaifu huchukua jina la aliyetoa noti na kulipachika kwenye sifa ileile aliyompa wa kwanza: simba, ndovu, mwenye ng'ombe wengi. Badilisha jina, wimbo haupungukiwi kitu. Fundi ameshaona kwamba shangazi wa bibi harusi hajatoka jikoni tangu jana, kwamba upande wa bwana umechelewa, kwamba mzee fulani amevaa koti kwenye jua kali, na yote hayo anayaingiza wimboni yakiwa bado ya moto. Kama wimbo wa leo ungeweza kuimbwa vilevile kesho Bunda, mimi siuhesabu kuwa ubunifu, hata ukumbi ushangilie vipi.

Lakini msubiri akwame. Hapo ndipo fundi hujulikana. Neno likikataa, hana haraka: anarudi kwenye mzunguko, anauacha uvume, macho yakitafuta. Vijana wengi huiogopa nafasi hiyo wakaijaza makelele. Na vidole vikiteleza, aliye bora huurudia mlio ule duru inayofuata, kwa makusudi, mpaka uwe wa wimbo.

Kwa Wajaluo wa Rorya mtihani ni mgumu zaidi, maana mpiga nyatiti, chombo chao cha nyuzi, ana njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogongea chombo; mguu nao lazima usimsahau. Na katika ngoma ya kibati ya Pemba, ambako watu hujibizana papo kwa papo, angalia kama jibu limeshika neno la mwenzake au limepita pembeni.

Kijana anayejifunza achague mzunguko mmoja, aupige huku akizungumza na mtu juu ya bei ya dagaa, mpaka mazungumzo yasiukatize. Halafu aimbe aliyoyaona njiani siku hiyo, bila kuandika. Nyimbo za kukariri asizidharau. Methali na majina ya koo atavichota humo.

Nawe msikilizaji, fika mapema. Mpigaji makini hakai kwenye kigoda kabla hajapita kwa wazee kuuliza wajomba wa bibi harusi ni akina nani, na nani kati yao amefiwa hivi karibuni asije akamtania.