Nyumba Isiyo na Shahidi: Ukatili baina ya Wapenzi wa Jinsia Moja na Elimu kwa Jamii katika In the Dream House ya Carmen Maria Machado

In the Dream House, kitabu cha Carmen Maria Machado kilichochapishwa na Graywolf Press mwaka 2019, ni tawasifu ya uhusiano mmoja tu wa kimapenzi. Mwandishi, akiwa mwanafunzi wa uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Iowa, anampenda mwanamke mwenzake ambaye baadaye anahamia Bloomington, Indiana. Nyumba ya huko ndiyo Nyumba ya Ndoto inayotajwa katika jina la kitabu, na humo mapenzi yanageuka polepole kuwa wivu, matusi, vitisho na kurushiana lawama zisizo na mwisho. Fani ya kitabu ndiyo iliyowavutia wahakiki wengi, kwa kuwa kila sura fupi inaisimulia nyumba ileile kwa utanzu tofauti: mara hekaya, mara hadithi ya kutisha, mara uhakiki wa filamu. Makala haya yanakisoma kwa jicho jingine. Hoja yake ni kwamba upya wa fani hiyo umetokana na upungufu wa elimu iliyokuwapo. Jamii ya Machado ilikuwa imefundishwa kuutambua ukatili wa majumbani kwa picha moja, na picha hiyo haikuwa na nafasi ya mwanamke anayeteswa na mwanamke.

Picha hiyo ina historia. Mwaka 1984, katika mji wa Duluth, Minnesota, watetezi wa wanawake waliopigwa walitunga mchoro unaojulikana kama Gurudumu la Mamlaka na Udhibiti, wakitumia maelezo ya wanawake wenyewe. Una vipande vinane, miongoni mwavyo kutia hofu, kumtenga mtu na jamaa zake, kumbana kiuchumi, kuwatumia watoto, na kutumia hadhi ya uanaume. Mchango wake haupuuziki. Uliwafundisha polisi, wahudumu wa afya na viongozi wa dini kwamba kipigo ni sehemu tu ya mfumo mpana wa kumtawala mtu, na umeenea kwa sababu somo lote linaenea kwenye karatasi moja. Hata hivyo, ukisomwa kama matini, mchoro huo unamtaja mkosaji kabla hajatenda: ni mwanamume. Baadaye yalitungwa magurudumu mengine kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, yakiongeza silaha ambayo la kwanza halikuijua, yaani tishio la kumfichua mtu kwa wazazi au kwa mwajiri wake. (Kwa sadfa, Graywolf nayo ina makao yake Minnesota.)

Takwimu zinaonyesha kwamba pengo hilo halikuwa dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta kwamba asilimia 43.8 ya wanawake wanaopenda wanawake walikuwa wamewahi kubakwa, kupigwa au kunyemelewa na mwenzi wao, ikilinganishwa na asilimia 35.0 ya wanawake wanaopenda wanaume. Kwa wanawake wanaopenda jinsia zote mbili ilikuwa asilimia 61.1, na karibu tisa kati ya kumi ya hao walisema waliowatesa walikuwa wanaume tu. Takwimu hiyo ya mwisho inawasahihisha hata watetezi wenye nia njema. Mwathirika anaweza kuishi na mume, akaonekana kuwa na nyumba ya kawaida kabisa, na bado jinsi anavyopenda ikawa ndiyo kisingizio cha kuteswa kwake.

Machado hajishughulishi sana na hesabu. Kinachomsumbua ni ushahidi. Katika dibaji anarejea asili ya Kigiriki ya neno la hifadhi ya nyaraka, ambalo lilimaanisha nyumba ya mtawala, na kutoka hapo anajenga sitiari kuu ya kitabu: anayemiliki nyumba ndiye anayeamua kipi kihifadhiwe. Mateso yake mwenyewe hayakuacha alama mwilini, na katika sehemu moja anakiri kwamba amewahi kutamani alama hiyo, angalau awe na kitu cha kuonyesha. Ukiri huo ni mzito kuliko maelezo yote ya ugomvi. Mwathirika aliyefundishwa kwamba ukatili huonekana kwa jeraha analazimika kulionea wivu jeraha.

Hoja hiyo anaipa mizizi ya kihistoria kwa kurejea kisa cha wanawake wanane waliofungwa Framingham, Massachusetts, kwa kuwaua wenzi waliowatesa, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliomba adhabu zao zipunguzwe. Mmoja wao alikuwa amemuua mwanamke. Kesi yake ilikuwa ngumu kuliko za wenzake, kwa kuwa waamuzi hawakumwona mpigaji na mpigwaji bali wanawake wawili waliokuwa wakipigana. Hapa elimu kwa jamii inadhihirika kuwa jambo la kifungo na uhuru. Neno lililokosekana katika vichwa vya waamuzi lilipimwa kwa miaka ya gerezani.

Ukimya hautoki nje pekee. Machado anaeleza shinikizo la ndani ya jamii yake: watu wanaopigania haki ya kuoana na kulea watoto huogopa kutoa hadharani habari itakayotumiwa na wapinzani. Jibu lake ni kwamba kutambuliwa kuwa binadamu kunajumuisha kutambuliwa kuwa mtu anaweza kuwa mwovu. Hii ndiyo hoja yenye ujasiri zaidi katika kitabu, na inagusa moja kwa moja wanaoandaa mafunzo, kwani wengi wao huanza kwa kuwasafisha wale wanaotaka kuwatetea.

Mbinu inayofundisha zaidi ni sura iliyoandikwa kama mchezo wa kuchagua. Asubuhi mwenzi anaamka na hasira kwamba ulijigeuzageuza usiku ukamkosesha usingizi. Msomaji anapewa njia: aombe radhi, apendekeze kuamshwa siku nyingine, au amwambie mwenzake atulie. Kila njia inamrudisha kwenye hasira ileile. Zipo hata kurasa ambazo hakuna chaguo linalofika kwake, na anayezifikia kwa kupekua ovyo hukaripiwa na msimulizi. Wanasemina huuliza, “Kwa nini hakuondoka?” Sura hii hailijibu swali hilo, inamfungia ndani muulizaji mwenyewe. Nafsi ya pili, ambayo kwingineko kitabuni huchosha kidogo, hapa inastahili kila mstari iliyopewa.

Tanbihi ni suala jingine. Machado anaziambatanisha nyingi na faharasa ya motifu za ngano ya Stith Thompson, ili kuonyesha kwamba kisa kinachodaiwa kuwa hakina mfano kimo katika ngano za dunia. Wazo ni zuri, lakini linamhitaji msomaji aliyezoea maktaba. Mwathirika asiye na elimu ya chuo atabaki mlangoni.

Msomaji wa Kiswahili anakutana na tatizo ambalo Kiingereza hakina. Katika Kiingereza, kiwakilishi cha mtesaji kinatangaza jinsia yake kila mara, na mshtuko wa kitabu umo ndani ya neno hilo dogo. Kiswahili husema “alimtesa”, nacho hakimtaji mwanamume wala mwanamke. Mfasiri atalazimika kulirudia neno “mwanamke” mpaka lichoshe, au aache sentensi wazi na kumwachia msikilizaji ajaze kwa mazoea yake. Njia ya pili inapoteza mshtuko, lakini inafichua mahali picha ya mkosaji inapoishi: kwa msikilizaji, kwa kuwa sarufi haikuiweka. Neno “mwenzi” nalo, ambalo watoa huduma tayari wanalitumia, halibagui.

Mwaka 2021 kitabu hiki kiliingia katika mgogoro huko Leander, Texas, kilipokuwa kwenye orodha ya vikundi vya usomaji vya wanafunzi wa sekondari. Wazazi walipinga sehemu zenye ngono, mzazi mmoja akazisoma mbele ya bodi ya shule, na kitabu kikaondolewa. Machado alijibu katika gazeti la The New York Times. Wazazi wale walikuwa na haki ya kuuliza kuhusu umri wa wasomaji. Lakini sehemu walizozisoma zikiwa zimekatwa ndizo zinazoonyesha kwamba mwanzoni mapenzi yalikuwa ya kweli, na bila hizo haieleweki kwa nini msimulizi aliendelea kuendesha gari kutoka Iowa kwenda Bloomington, wiki baada ya wiki, akiirudia nyumba ile.