Risoto ya Primo na Tambi za Mteja

Sinema ya Big Night (1996) inapendwa mno na sisi waandishi chipukizi, na sababu yake haijifichi: Primo, yule mpishi, ni sisi. Anapika vizuri, halafu watu hawaji.

Kwa ambaye hajaiona: ndugu wawili, Primo na Secondo, wametoka Italia wakafungua mkahawa mdogo wa mtaani huko New Jersey, Marekani, miaka ya 1950. Jirani yao Pascal, Mwitaliano mwenzao, mkahawa wake unafurika kila usiku. Wao benki inawadai. Wana mteja mmoja mchoraji anayelipia chakula kwa picha zake (sisi waandishi sijui tungelipa nini, shairi?). Basi Pascal anaahidi kumleta mwanamuziki Louis Prima, wanamaliza akiba yao kwa karamu ya usiku mmoja, na kumbe Prima hakualikwa kabisa.

Walimu wangu wa Fasihi wangesema huo ndio mgogoro mkuu. Mimi nabaki na onyesho la mwanzoni. Mama mmoja amengoja chakula mpaka amechoka, analetewa risoto, ule wali wao unaokorogwa polepole mpaka uwe laini karibu na bokoboko. Anaukodolea macho. Anaagiza na tambi pembeni. Zikija anauliza vitonge vya nyama viko wapi, maana Marekani tambi na vitonge vya nyama ni mume na mke. Jikoni Primo anataka kupasuka: wanga juu ya wanga! Na sisi watazamaji tunacheka. Tunamcheka nani? Yule mama.

Hapo ndipo ninapogombana na sinema hii. Nani kati yetu hajala wali na chapati sahani moja siku ya sikukuu? Pwani tambi zinapikwa kwa nazi na sukari, na hakuna anayezisusa. Nenda Eastleigh, Nairobi, kwenye mikahawa ya Wasomali, uone familia nzima mezani, watoto wamejipaka mchuzi hadi masikioni, tambi upande huu na ndizi mbivu upande ule. Utawala wa Waitaliano Somalia uliisha mwaka 1960, tambi zikabaki zikafuata tabia ya wenyeji. Hata hiyo nyanya wanayojivunia Waitaliano ilitoka Amerika. Sasa Primo anamlindia nani mlango?

Yule mama alikuja na njaa yake na pesa yake. Hakupewa nafasi hata ya kuelezwa vizuri anachokula. Tunaandika vivyo hivyo: kurasa tatu za mafumbo, msomaji akikwama tunasema hajaenda shule.

Msinielewe vibaya, simtetei Pascal. Yeye anasema wape watu wanachotaka kwanza, chako utawapa baadaye. Kila mwenye mswada ameusikia wimbo huo kwa wachapishaji: lete bastola na mapenzi, riwaya yako ya maana itafuata. Pascal mwenyewe, hiyo baadaye yake ilifika lini?

Stanley Tucci (ndiye Secondo, na aliongoza sinema hii pamoja na Campbell Scott) ananijibu mwishoni, labda bila kukusudia. Ni asubuhi, karamu imeisha, ndugu wameshapigana ufukweni. Secondo anavunja mayai, anakaanga, anagawa: chake, cha kijana wa kazi, na cha Primo anapoingia. Kamera haikatwi, maneno karibu hakuna. Hapo sikuona mapambo wala hotuba juu ya sanaa, na ndilo onyesho lililonishika koo kuliko lile pishi kubwa la karamu. Yule mama angelila lote, asingeuliza swali.

Anayeona Primo ameonewa humu, aandike.