Maji Yanayohojiwa: Imani na Heshima katika Kinjeketile

Kuna jambo la kushangaza katika namna tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), ilivyozoea kusomwa na kufundishwa. Aghalabu mhakiki afikapo kwenye maji huacha kuyaita imani. Huyaita ishara: ishara ya umoja wa makabila, ishara ya utaifa unaochipuka, silaha ya kisaikolojia ya wanyonge dhidi ya bunduki za Wajerumani. Usomaji wa aina hii ulitawala hasa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati suala la ukombozi lilipokuwa ndilo kipimo kikuu cha maudhui, na hauwezi kuitwa potofu kwa kuwa tamthilia yenyewe inauruhusu. Hata hivyo, unampunguzia mhakiki kazi moja ngumu, nayo ni kuuliza kama alichokisema Kinjeketile alipotoka mtoni kilikuwa kweli. Watu waliopokea maji yale hawakwenda vitani kwa ajili ya ishara. Walikwenda kwa kuwa waliamini kwamba risasi zingegeuka maji.

Je, imani ya dini yastahiki kuheshimiwa kwa kuwa tu ni imani ya dini? Swali hili kwa kawaida huachiwa wanafalsafa na wanatheolojia. Makala haya yanashikilia kwamba Hussein amelijibu ndani ya tamthilia hii, na kwamba jibu lake ni kali kuliko wasomaji wake wengi walivyokuwa tayari kukiri: anaikataa heshima ya papo kwa papo, na kwa kuikataa anawapa waumini heshima nyingine iliyo nzito zaidi.

Kabla ya kuingia katika matini, yafaa kutazama mizani inayotumiwa na uhakiki wenyewe, maana mizani hiyo haiko sawa. Neno dini lina hadhi ambayo maneno mila, jadi, mizimu na ushirikina hayana. Mhusika akisali msikitini au kanisani, mhakiki husema ni mcha Mungu, kisha hupita. Mhusika akitambika chini ya mbuyu, mhakiki huandika juu ya imani za jadi na athari zake kwa maendeleo. Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa hakubali kwamba mzimu waweza kuwa jibu la swali la nani aliyeua. Msomaji humshangilia kwa ushupavu wa akili yake. Euphrase Kezilahabi alipowapeleka wahusika wake mbele ya Mungu mwishoni mwa Rosa Mistika (1971), mapokezi hayakuwa ya shangwe, na riwaya hiyo ilizuiliwa mashuleni nchini Tanzania kwa kipindi fulani. Ni kweli kwamba lawama nyingi zilihusu mambo ya mapenzi na maadili ya wasichana. Lakini ni vigumu kuamini kwamba kitabu chenye jina lililochukuliwa katika sala za Kikatoliki kilisomwa bila ya jina hilo kutia chumvi katika kidonda.

Tofauti hii haina asili katika fasihi. Ni urithi wa utawala. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuamua lipi liitwe dini na lipi liitwe uchawi, na uamuzi huo ulikuwa na jela na kitanzi nyuma yake. Huko magharibi mwa Kenya, wafuasi wa Elijah Masinde waliliita kundi lao Dini ya Msambwa, jina ambalo kwa kuunganisha maneno mawili tu lilidai kwamba mambo ya wahenga nayo yahesabiwe kuwa dini. Serikali ililipiga marufuku mwaka 1948. Kwa hiyo mtu anayetaka kuikosoa heshima ya bure hana budi kukumbuka kwamba dharau ya bure nayo imekuwapo, na kwamba hizo mbili zimekuwa zikigawiwa kwa mkono mmoja.

Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika kutoka upande wa pwani ambako Uislamu umekaa kwa karne nyingi, na akaandika juu ya watu wa bara ya karibu, Wamatumbi na jirani zao wa Rufiji, ambao pepo wao Hongo hakuwa na msikiti. Angeweza kuwaandika kwa jicho la mtu wa mjini. Hakufanya hivyo. Tamthilia inaanza kwa wanawake wawili, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, wakizungumzia njaa na kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba. Imani inapoingia jukwaani inakuta tayari watu wana shida ya kweli na akili timamu. Kinjeketile naye hachorwi kuwa laghai. Anazama mtoni, anatoka akiwa katika hali isiyokuwa yake, ananena. Mwandishi hamwambii mtazamaji kama Hongo yupo au hayupo. Wanaotafuta katika tamthilia hii kejeli dhidi ya waganga watarudi mikono mitupu.

Utata unaanzia mahali ambapo wahakiki wengi hawakai. Katika maneno anayoyatamka akiwa amepagawa, Kinjeketile hatoi ahadi ya maji na umoja peke yake. Anasema pia kwamba Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Umati haulisikii neno hilo, au unalisikia na kulipita, kwa kuwa limetoka katika kinywa cha mtu aliyetembelewa na pepo, na la pepo halichambuliwi. Anayelisikia ni Kinjeketile mwenyewe, baada ya kurudiwa na fahamu. Linamsumbua. Kwa nini watu wamwage damu kumwondoa bwana mmoja ili wawe watoto wa bwana mwingine? Seyyid Said alikuwa amefariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita, lakini jina lake lilibeba kumbukumbu ya utawala wa Zanzibar na ya misafara ya watumwa iliyoteremkia Kilwa. Kwa watu wa Matumbi jina hilo halikuwa la mkombozi.

Hapa ndipo kiini cha tamthilia kilipo. Ufunuo mmoja una vipande viwili, kimoja kinawakomboa watu na kingine kinawarudisha utumwani, na vyote viwili vimekuja kwa sauti ile ile na kwa madai yale yale ya utakatifu. Anayeuheshimu ufunuo kwa sababu ya asili yake atapaswa kuvimeza vyote viwili. Anayetaka kuvitenganisha hana budi kufanya jambo ambalo heshima ya papo kwa papo inalikataza: kusikiliza maana ya maneno, kuuliza yanamtumikia nani, na kupima. Kwamba mtu wa kwanza kulifanya jambo hili ni nabii mwenyewe ni uamuzi wa kisanaa wenye ujasiri mkubwa. Hussein angeweza kumtwika shaka mhusika kutoka nje, mmisionari au karani, au kijana aliyesoma, kama ilivyo desturi katika maandishi mengi ya kipindi chake. Aliiweka shaka ndani ya imani, katika kifua cha mtu aliyeipokea, na kwa hiyo haiwezi kuitwa dharau.

Kitunda, kiongozi wa mafunzo ya kivita, anaelewa mapema kuliko wengine kwamba rafiki yake hana tena uhakika. Hoja yake ni ya mtu wa vitendo. Watu wamekuwa wamoja na wameacha kuogopa, basi imani iachwe ifanye kazi yake. Hoja hii ina nguvu, na msomaji asiyeiona nguvu yake hajaielewa hali ya watu wale. Lakini itazamwe kwa makini. Kitunda hayaheshimu maji. Anayatumia. Anapotaka maji yasihojiwe, sababu yake ni faida ya jeshi wala si utakatifu wa Hongo. Yamkini hili ndilo somo lisilopendeza zaidi katika tamthilia nzima: mlinzi mkubwa wa imani dhidi ya maswali mara nyingi ni mtu ambaye yeye mwenyewe haiamini, na anawaonea huruma wanaoiamini kwa namna ambayo watu wazima hawapaswi kuonewa. Shaka ya Kinjeketile inawachukulia wapiganaji kuwa ni watu wanaostahili kuambiwa kweli. Ukimya wa Kitunda unawachukulia kuwa nguvu ya kuelekezwa.

Wapiganaji wanachoka kungoja. Wanaingia vitani bila ya amri ya Kinjeketile, kwa jina la neno la Kinjeketile. Neno limemponyoka mwenyewe na kuwa kubwa kumshinda.

Historia haikwenda hivyo, na tofauti iliyopo inastahili kuangaliwa. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya uasi kuanza katika vilima vya Matumbi. Shambulio la ngome ya Mahenge, ambako bunduki za mtombo ziliwafyeka washambuliaji, lilitokea tarehe 30 Agosti. Kwa maneno mengine, nabii wa kihistoria hakuishi hadi kuona maiti za Mahenge. Hussein amemwongezea uhai. Katika tamthilia, Kinjeketile anayaona matokeo, na anafungwa gerezani baada ya kushindwa. Hussein mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, na wahakiki wamelichukua hilo kama ruhusa ya kawaida ya mtunzi. Ni zaidi ya ruhusa. Nabii aliyekufa kabla ya neno lake kujaribiwa ni rahisi kumheshimu, kwa maana hana la kuulizwa. Mtunzi alimhitaji nabii aliye hai, mwenye majeraha, ambaye mtu aliyepoteza jamaa zake angeweza kumtazama usoni.

Kwa msomaji wa Kenya, suala hili limepata uzito mwingine tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na hatimaye ikapatikana miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kwa kufunga hadi kufa wangekutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao hawakuchagua kuamini lolote. Ulinganishi na Maji Maji una mipaka yake iliyo bayana. Watu wa Matumbi walikabili dhuluma ya kweli, na maangamizi yaliyowafuata yalitokana kwa sehemu kubwa na njaa iliyoletwa makusudi na jeshi la Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala. Shakahola haikuwa na adui wa nje wa kiasi hicho. Kinachofanana ni kimoja tu: neno lililopewa kinga ya utakatifu hata likawafikisha watu makaburini kabla ya kuulizwa swali la kawaida ambalo mtu huuliza anapoambiwa anywe dawa asiyoijua. Na kinachopaswa kuogopwa baada ya Shakahola ni mizani ile ile ya zamani, kwamba madhehebu madogo ya vichochoroni yatahojiwa kwa ukali na makanisa makubwa yenye mimbari za marumaru yataachwa na heshima yao. Tamthilia ya Hussein haimruhusu msomaji kufanya hivyo.

Linabaki onyesho la gerezani, ambalo huonekana kuipinga hoja yote ya makala haya. Afisa wa Kijerumani anamtaka Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile, ambaye kwa muda mrefu amekuwa na shaka na ambaye sasa ameona yaliyotokea, anakataa. Baadhi ya wasomaji huliona tendo hili kuwa ni kurejea katika imani, na wengine kuwa ni uongo wa kisiasa unaosamehewa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hakuna hata moja kati ya tafsiri hizo inayotosheleza. Afisa hataki ukweli. Anataka kauli ambayo kesho itafundishwa kwa watoto wa waliokufa: kwamba baba zao walikosea kupigana, kwamba madai yao dhidi ya pamba na mijeledi yalikuwa ya kipuuzi kama yalivyokuwa maji. Anaiunganisha imani na haki ili moja ikianguka ianguke pamoja na nyingine. Kinjeketile anavitenganisha, kama alivyotenganisha zamani maji na wana wa Seyyid Said. Mtu aliyeyahoji maji akiwa huru, mbele ya rafiki yake, ana haki ya kukataa kuyakana akiwa katika minyororo, mbele ya mtu ambaye swali lake ni pigo jingine la mjeledi. Kuhoji kunategemea anayehoji ni nani, na anataka kufanya nini na jibu.

Hata hivyo, onyesho hili lina pengo. Kinjeketile anapolitetea neno lililozaliwa, anawakumbuka watoto na wajukuu ambao watalisikia. Waliokufa hawapewi nafasi kubwa kama hiyo, na sauti zilizoifungua tamthilia, za wanawake wawili waliokuwa wakihesabu siku za njaa, hazisikiki tena. Kitunda yupo na anamsihi, lakini Kitunda aliyatumia maji, kwa hiyo hana ujasiri wa kudai hesabu. Bibi Kitunda angeweza kuidai. Hakuwahi kuahidiwa taifa, na mahitaji yake tangu ukurasa wa kwanza yalikuwa chakula na mume wake arudi nyumbani. Laiti Hussein angemwingiza gerezani hata kwa dakika chache, Kinjeketile angelazimika kulijibu swali la maji mbele ya mtu ambaye si afisa wala askari, na ambaye asingeweza kutulizwa kwa habari za wajukuu.