Kuutambua Ufunguo wa Gari Uliotengenezwa Vizuri

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani hufika na ufunguo mmoja tu. Wazo la ufunguo wa pili humjia mwenye gari baada ya ule mmoja kupotea, na hapo bei imeshapanda. Kuongeza ufunguo wakati wa kwanza upo ni kazi nyepesi kwa fundi mwenye vifaa. Ukiwa huna hata mmoja, fundi hana mfano wa kuchonga wala chipu ya kusoma, na kwa baadhi ya magari hulazimika kung'oa kompyuta ya gari na kuisoma kumbukumbu yake mezani. Anayetaka ufunguo wa akiba kwa bei nafuu autengeneze kabla hajauhitaji.

Kwanza ujue gari lako linadai nini. Ulaya ilianza mwaka 1998 kulazimisha kila gari dogo jipya liwe na imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini isiwake bila ufunguo wenye chipu inayotambulika. Japani haikuweka lazima hiyo, kwa hiyo Vitz au Probox nyingi za miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Kijapani hazina chipu kabisa. Jaribio lake ni rahisi: funga kichwa cha ufunguo kwa tabaka kadhaa za karatasi ya alumini ya jikoni, uutie kwenye swichi na uwashe. Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, huenda unachohitaji ni chuma kilichochongwa tu, na fundi anayekutoza fedha ya kuprogramu hapo akuoneshe anaprogramu nini.

Chipu haihitaji betri. Pete ya waya iliyozunguka swichi hutoa mawimbi hafifu, chipu ikapata nguvu kutoka humo na kujibu kwa namba yake. Rimoti ya milango ni chombo kingine, chenye redio na betri yake. Ndiyo maana ufunguo unaweza kufungua milango vizuri na injini ikakataa, au kinyume chake. Fundi anayevichanganya vitu hivi viwili katika maelezo yake atavichanganya pia kwenye kazi.

Mimi humpima fundi kwa maswali yake kabla hajataja bei. Aulize mwaka wa gari na kama ni la soko la Japani au la kwingine, kwa sababu rimoti za magari ya Kijapani mara nyingi hutumia masafa ya karibu MHz 315 na za Ulaya MHz 433, na rimoti ya masafa yasiyo yake haitafungua mlango hata ikifanana kila kitufe. Auchukue ufunguo wako autazame shingoni. Kwenye Toyota nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2010 hivi utakuta herufi G au H imegongwa kwenye chuma, na herufi hiyo humwambia aina ya chipu. Fundi asiyeitafuta alama hiyo wala kuisoma chipu kwa mashine anabahatisha kwa fedha yako.

Sasa mchongo wenyewe, mahali ambapo kazi nzuri na mbaya huachana waziwazi. Kuna kuiga na kuna kuchonga kwa namba. Mashine ya kuiga hupitisha kipimo juu ya ufunguo wako wa zamani na kukata umbo lilelile kwenye chuma kipya, pamoja na uchakavu wake wote wa miaka 15. Ufunguo wa namna hiyo utaingia, lakini utadai kutikiswa kidogo ndipo uzunguke, na mtikiso huo huila swichi polepole. Mashine ya kompyuta husoma vina vya mchongo, ikatafuta namba ya kiwanda iliyo karibu na vipimo hivyo, kisha ikakata kama ufunguo ulivyokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Ufunguo wako ukiwa umelika, lipia njia hii ya pili bila kusita.

Pitisha ukucha kwenye kingo za chuma. Zisikwaruze, na kusiwe na vinyuzi vya chuma vilivyobaki, maana hivyo hukatikia ndani ya swichi. Mfereji wa mchongo uwe laini, bila ngazi ndogondogo za ncha iliyochoka. Kisha jaribu kila kitasa kwa mkono: mlango wa dereva, buti kama ina kitasa, halafu swichi. Ufunguo ukizunguka swichini na kukwama mlangoni, usikubali kuambiwa utazoea. Uchongwe tena.

Kwenye kuprogramu, angalia kwanza fundi anavyoitendea betri ya gari. Fundi makini hupima umeme wake na kuunga chaja au betri ya msaada, kwa sababu umeme ukianguka katikati ya kuandika, kompyuta ya imobilaiza inaweza kuharibika. Muulize pia kama anasajili ufunguo mpya au ananakili chipu ya zamani. Kunakili ni halali na mara nyingi ni rahisi zaidi, ila gari huziona chipu mbili kama moja, hivyo ukiupoteza mmoja huwezi kuufuta peke yake. Nenda na funguo zako zote: kwenye Nissan nyingi usajili mpya hufuta wa zamani, na ufunguo uliouacha nyumbani hautawasha tena. Mwisho mwombe akuoneshe kwenye skrini idadi ya funguo zilizosajiliwa, kwa magari yanayoionesha. Ikizidi zilizo mkononi mwako, zisizojulikana zifutwe.

Kwa gari la kubonyeza kitufe, ndani ya ufunguo huwa na chuma kidogo cha dharura. Kivute: mara nyingi hukutwa kitupu, hakikuchongwa. Kisha toa betri ya ufunguo na, kwa magari mengi, uguse kitufe cha kuwashia kwa kichwa cha ufunguo na ujaribu kuwasha. Ufunguo mzima utawasha hata hivyo, kwa chipu yake. Funguo za Toyota za aina hii zilizokwisha tumika kwenye gari lingine hujifunga, hazisajiliki upya mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu, kwa hiyo usinunue za mtumba bila uthibitisho.

Iko njia ya mkato ninayoikataa kabisa: kuchukua chipu ya asili na kuibandika kwa gundi chini ya kava la usukani, ili chuma chochote kiwashe gari. Mwizi hatahitaji zaidi ya bisibisi. Na fundi ambaye hakuulizi kadi ya gari na kitambulisho humtengenezea yeyote ufunguo wa gari lako.

Kuhusu bei, aitaje vipandevipande: ufunguo mtupu, chipu, kuchonga, kuprogramu, usafiri wake. Hapo ndipo penye nafasi ya kupunguza. Rimoti za kampuni nyingine, kama Xhorse au KEYDIY, hufanya kazi vizuri kwa bei ya chini kuliko za asili. Kama kilichovunjika ni kava tu, nunua kava na uhamishe vya ndani, ukihakikisha ile chipu ndogo kama punje ya mchele haikusahauliwa kwenye kava la zamani.

Kabla fundi hajaondoka, mwombe namba ya mchongo na uiandike mahali salama, mbali na gari. Kwa namba hiyo fundi mwingine mwenye mashine ya kompyuta atachonga chuma kipya bila kuuona ufunguo wa kwanza.