Maharage ya Arua: kuni huokolewa usiku

Mji wa Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda, uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100 kama Mombasa. Nyuzi nne hizo huongeza muda wa maharage makavu jikoni, na muda ni kuni. Huko Koboko, jirani na Kongo na Sudan Kusini, hali haitofautiani sana. Katika makazi ya wakimbizi ya Lobule na Rhino Camp, ambako miti imepungua na maharage yamekuwa sehemu ya posho, mama anayepika anaijua hesabu hii kuliko mtaalamu yeyote.

Wengi hukimbilia magadi. Kweli yanalainisha, maana huvunja pektini inayoshikanisha seli za punje. Lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi kidogo mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Kwa chakula cha kila siku mimi siyapendekezi. Nafuu kubwa iko kwenye kuloweka.

Ondoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, osha, kisha mimina maji mara tatu ya kipimo cha maharage. Tia chumvi kijiko cha mezani kwa kila lita mbili. Wapo wanaoamini chumvi inakaza maharage. Kwenye maji ya kuloweka ni kinyume chake. Sodiamu hukaa mahali pa kalsiamu iliyokaza ganda, nalo hulainika bila kupasukapasuka. Acha saa nane hadi kumi na mbili. Kwenye joto la Arua usizidishe, kwani maji huanza kuchacha.

Asubuhi pasua punje moja kwa kucha. Ikiwa ndani kila nusu ni bapa na rangi ni moja hadi katikati, maji yamefika. Ukiona kishimo chenye weupe mkavu, bado. Yakikataa kuvimba usiku kucha, huenda yalikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu. Hayo ndiyo pekee ningeyatilia magadi, tena chembe tu.

Mwaga maji yale. Yamebeba sehemu ya rafinosi na stakiosi, sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzisaga na ndizo zinazojaza tumbo gesi. Madini machache hupotea pamoja nayo, ila faida ni kubwa zaidi.

Moto wa mwanzo lazima uwe mkali. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayoweza kuleta kutapika na kuharisha. Nyuzi 80 haziivunji. Moto hafifu wa namna hiyo unaweza hata kuyafanya yawe na sumu kuliko yalivyokuwa mabichi. Mamlaka ya chakula ya Marekani inashauri kuyachemsha dakika 30. Ndiyo maana anayetumia kapu la kuhifadhi joto ili kubana kuni asilifunike mapema: yatokote kwanza nusu saa, ndipo sufuria iingie kapuni. Akiyatoa, ayabonyeze kwa vidole. Yakiwa na kiini kigumu yarudi motoni.

Nyanya na ndimu zingoje, kwa sababu asidi hukaza ganda. Zitie yakishaiva, pamoja na simsim iliyosagwa kama wapishi wengi wa West Nile wanavyopenda. Ndimu ina kazi nyingine pia: vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, ilitoa mbegu za NAROBEAN zenye chuma na zinki nyingi, lakini kikombe cha chai pamoja na mlo hupunguza sana kinachofyonzwa. Chai isubiri saa moja au mbili.

Leo usiku, kabla hujalala, loweka ya kesho.