Kura ya Bi. Hutchinson na Barua za Wasomaji

Hadithi fupi ya Shirley Jackson, "The Lottery", ilitolewa na jarida la The New Yorker tarehe 26 Juni 1948. Wakazi wa kijiji kimoja cha Marekani wanakusanyika uwanjani, wanachukua karatasi kutoka katika sanduku jeusi, na yule apataye yenye alama nyeusi anapigwa mawe na wote hadi kufa. Kiangazi hicho mwandishi alipokea barua zaidi ya 300. Kwa hesabu yake mwenyewe, ni 13 tu zilizokuwa na maneno ya upole, na nyingi za hizo zilitoka kwa rafiki zake. Katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1968, miaka mitatu baada ya kufa kwake, alizigawa barua hizo mafungu matatu: za kushangaa, za kubahatisha maana, na za matusi matupu.

Wahakiki wamezoea kuzitaja barua hizo kama kichekesho, hasa zile zilizouliza kura hupigwa wapi na kama yawezekana kwenda kutazama. Lakini ujinga huo una chanzo chake katika fani ya hadithi yenyewe. Jackson anasimulia kama mtu anayeandika ripoti ya mkutano wa kijiji: ni tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi, watu ni kama 300, na shughuli haimalizi saa mbili, ili kila mtu awahi chakula cha mchana. Msimulizi haingii sana moyoni mwa mtu yeyote, wala halaumu. Basi msomaji aliyeidhania hadithi kuwa habari ya kweli alikuwa ameisikiliza sauti yake vizuri kuliko yule aliyeirukia maana.

Kuirukia maana ndiyo hatari iliyo karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki. Aliyelelewa katika uhakiki wa kusaka dhamira ana jibu tayari: hadithi inapinga mila zilizopitwa na wakati. Jibu hili si la uongo. Kasoro yake ni kwamba linastarehesha mno, kwa maana mila mbovu daima ni za watu wengine. Nalo halisimami mbele ya Bi. Tessie Hutchinson. Mama huyu anafika akiwa amechelewa, akitania juu ya vyombo alivyokuwa akiviosha, na zamu ya mumewe Bill inapofika anamhimiza aende. Karatasi ya ukoo ikiwaangukia wao, ndipo anapolalamika kuwa haki haikutendeka. Kisha anadai Don na Eva, yaani binti yake aliyeolewa pamoja na mumewe, nao waingizwe katika kura ya nyumba yake. Hesabu yake ni nyepesi: karatasi zikizidi tano, hatari yake mwenyewe inapungua. Anakumbushwa kwamba binti aliyeolewa huhesabiwa upande wa mumewe. Hapingi kura, anapinga kuangukiwa nayo. Msomaji aliyekwisha kumhurumia kama shahidi wa ukombozi hana budi kuisoma tena sentensi hiyo ya Eva.

Hapa Kiswahili chenyewe kinaleta jambo ambalo Kiingereza hakina. Anayeifasiri hadithi hii atavutwa na "bahati nasibu", neno linalouhifadhi mtego wa anwani, kwani msomaji atatazamia zawadi. Akichagua "Kura", atapoteza zawadi lakini atapata kitu kizito zaidi: neno moja linalotumika kwa kuchagua viongozi na kwa kumpata wa kutoswa baharini, kama ilivyomwangukia Yona katika Biblia. Bw. Summers, mwendesha kura, ndiye huyo huyo anayesimamia ngoma na shughuli za vijana. "Kura" inayashika yote hayo kwa pumzi moja, na kwa sababu hiyo inafaa zaidi, ingawa inafichua mapema. Hali kadhalika Mzee Warner, anayeilinda kura kwa msemo wa vina unaoihusisha na mavuno ya mahindi, hahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili: methali inayotumiwa kufunga mjadala inajulikana sana.

Mumewe Jackson, mhakiki Stanley Edgar Hyman, aliandika kwamba mwandishi alijivunia daima hadithi hii kupigwa marufuku na Muungano wa Afrika Kusini, akiona kwamba hao angalau waliielewa. Naye Jackson, alipotakiwa maelezo mwaka ule wa 1948, alisema alitaka kuwashtua wasomaji kwa kuwaonyesha ukatili usio na sababu ulio katika maisha yao wenyewe. Maelezo hayo ni ya jumla kuliko hadithi. Mwishoni mwa hadithi, mtu asiyetajwa jina anampa Davy, mtoto mdogo wa Tessie, vijiwe vichache mkononi. Jackson hasemi kama alivirusha.